Nafasi Mbili za Mbele

Gari la marehemu Moha lilikuwa Mersedesi ya zamani, rangi ya maziwa yaliyolala, na kosa lake lilikuwa moja tu. Siku zile teksi zote za safari pale mjini Azrou zilikuwa Mersedesi za zamani, rangi ya maziwa yaliyolala. Kibao cha teksi juu ya paa halikuwa nacho, lakini mtu mwenye mizigo na baridi hatazami paa, anatazama mlango. Basi tangu Moha alipolileta kutoka Ubelgiji, alikochimba makaa ya mawe mpaka mgongo ukapinda, watu walikuwa wakilipungia mkono, wakiligonga boneti, wakifungua mlango na kuingia. Akisimama kununua mkate, akirudi anamkuta mtu kajikalia kiti cha nyuma, kuku mapajani, anamwuliza, "Bado wangapi tujae?"

Moha akazoea. "Magari ya wenzangu yanatazamwa," alikuwa akisema, "langu linapandwa."

Alipofariki, gari likabaki kwa mjane wake, Mma Tuda, na mjukuu wao Badri ndiye aliyeliendesha. Badri alikuwa seremala wa mbao za mwerezi, kijana mrefu, mpole, mwenye makovu ya patasi vidoleni. Baba yake alikwisha kwenda mbele ya haki. Na mwaka ule, baada ya kumtengenezea mlango mtu wa mji wa Itzer, ng'ambo ya mlima, alirudi nyumbani hali chakula. Mama yake, Raho, alidhani ni tumbo. Mma Tuda alimtazama mara moja akasema, "Tumbo gani! Huyo mwenye mlango ana binti."

Binti mwenyewe aliitwa Izza. Kijana anamtaka, binti anamtaka kijana, baba wa binti ni mtu laini asiyeweza kukataa hata gilasi ya chai. Kikwazo kilikuwa shangazi. Mama yake Izza alikufa mapema, akalelewa na dada yake baba, aitwaye Itto, na nyumba ile hakuna neno lililopita bila kupita kwa Itto. Mlango ulipotengenezwa yeye alikuwa safarini kwa binti yake, hakumwona fundi. Wachumba wawili walikuwa wamekwisha kurudishwa na sukari yao ya posa. Badri aliyajua hayo yote, na asubuhi ya kwenda kuomba alivaa kanzu yake nyeupe akaivua, akaivaa tena, akaivua, akaivaa.

"Mara ya tatu hiyo," Mma Tuda alimwambia. "Kanzu itachakaa kabla hujaoa."

Tena pakazuka shauri la gari. Basu, mtoto wa dada yake Mma Tuda, alikuwa amekuja likizo kutoka Italia na gari jeusi, refu kwenda juu, linalong'aa kama zeituni iliyotiwa mafuta. Kwa kuwa yeye ndiye mwanamume mkubwa wa ukoo, ndiye angekuwa msemaji wao.

"Mama mkubwa, twende wote na langu," akasema. "Mtaingiaje kwa watu na teksi?"

"Si teksi."

"Mimi najua si teksi. Wao watajua?"

"Moha alinioa mimi kwa punda," akasema Mma Tuda. "Leo ameacha gari lake mwenyewe, mjukuu wake ataombewa mke kwa gari la mtu mwingine? Wewe tangulia na kiwi chako. Sisi tunakuja na sukari."

Hivyo ndivyo walivyotoka, magari mawili, Basu peke yake, na Badri na bibi yake mbele, mama yake nyuma. Kwenye kituo cha mafuta yule anayejaza alikimbilia lile jeusi na kitambaa, akafuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi, akamwita Basu "bwana mkubwa" mara chungu nzima. Kisha akaja kwa Badri, akainama dirishani. "Imebaki nafasi moja? Nina shemeji yangu anakwenda Midelt."

Walipofika Timahdite, Basu hakusimama. Badri alisimama, kwa sababu gari la babu yake lilikuwa na desturi ya kunywa maji pale kabla ya kupanda mlima wa Zad, na likinyimwa linasusa. Upepo ulikuwa ule wa huko, unaoingia mkononi na kutokea begani. Badri amefunga boneti, ameingia, anataka kuwasha, mara mlango wa mbele ukafunguliwa.

Mwanamke wa makamo, mpana, amejifunga shali mbili, akamtupia Raho furushi la sufu kiti cha nyuma, juu ya pia za sukari ya posa zilizofungwa kwa karatasi ya buluu. Kisha akajipachika kiti cha mbele alipokaa Mma Tuda, maana kwenye teksi za huko mbele wanakaa abiria wawili, na anayetaka kustarehe hulipia nafasi zote mbili.

"Sogea, mwenzangu, sogea. Hivyo hivyo. Itzer, mwanangu. Na usinitupe njia panda kama yule mwenzako wa juzi. Mpaka mjini."

Badri akafungua kinywa. Mma Tuda akamfinya paja.

Alikuwa na sababu yake. Kwao, siku mtu anapokwenda kuomba, naye hamnyimi anayemwomba. Mama yake alimfunza hivyo, na siku ya posa yake mwenyewe walimlisha mpaka mbwa wa jirani aliyekuwa akimwuma kila mtu. Badri akafumba kinywa, akawasha gari.

"Nina haraka," akaendelea yule mwanamke, akijipangia shali. "Leo wanakuja watu kwa kaka yangu. Wanamtaka mtoto wetu, Izza."

Gari likayumba.

"Barabara iko mbele, mwanangu, haiko kwangu."

Hapo ndipo Mma Tuda angesema. Neno alikuwa nalo mdomoni tayari. Lakini Itto, maana ndiye, alikuwa mtu anayevuta pumzi huku anasema, na mwenye kutaka kuingiza lake alipaswa kusubiri kama anayetaka kuvuka barabara siku ya soko.

"Eti seremala. Maseremala mimi nawajua. Milango ya watu wote wanatengeneza, wao kwao wanatundika blanketi. Binti yangu wa hapa Timahdite kaolewa na seremala, kitanda chao mguu mmoja ni matofali mpaka leo."

"Pengine kazi za watu ni nyingi, hajati," akasema Badri polepole.

"Endesha, mwanangu. Na kijana mwenyewe si taabu. Taabu, mwenzangu, ni bibi yake."

"Bibi yake?" akauliza Mma Tuda.

"Tuda, sijui nani Tuda. Nimeambiwa ulimi wake unakata zulia."

Nyuma, Raho, aliyeishi na ulimi huo tangu arusi yake, akashikwa na kikohozi kisichotaka kwisha.

"Mimi nimesikia ni mtu mwema sana," akasema Mma Tuda.

"Nani kakwambia?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Majirani zake."

"Majirani! Majirani wamechoka, wanamsifu ili aolewe ahame."

Kikohozi cha Raho kikazidi. Mma Tuda akageuza kichwa kadiri alivyoweza, ambayo haikuwa kadiri kubwa, akamtazama mkwewe kwa jicho moja. Sasa ndiyo ilikuwa balaa. Kama angesema mwanzoni, ingekuwa kicheko cha pande zote mbili. Sasa atasemaje? Samahani dada, ulimi huo ni wangu? Kila walipopanda kona, neno lilizidi kuwa zito, na paja la Itto lilizidi kumsukuma kwa Badri. Akajinyonga upande, akajikunja bega, akamwachia nafasi, maana mwenzake alikuwa mpana, tena mgeni.

Juu ya Zad, kwenye mabaki ya theluji, Itto alinyamaza. Wote wakashtuka. Aliponena tena, sauti ilikuwa nyingine.

"Nasikia wana ndugu yao Italia ana gari kubwa jeusi, watakuja nalo. Mtu akija na gari la namna hiyo anataka ulitazame. Nawe utalitazama, macho hayana adabu. Na ukishalitazama gari, yeye humwoni tena. Yule mchumba wa kwanza alikuja na jekundu. Nikamwambia, baba, nifungulie kioo, kuna joto. Akabonyeza hiki, akabonyeza kile, vifuta mvua vikaanza kazi kwenye jua kali. La kuazima! Nikasema, huyu ataazima na maneno." Akavuta shali. "Yule mtoto nimemlea mimi, mwenzangu. Alikuwa mdogo hivi. Sitaki kikubwa. Nataka aende kwa watu watakaomsogezea nafasi."

Badri alikaza macho barabarani, masikio yakimwiva.

Wakateremka ng'ambo ya mlima. Mbele, kwa mbali, waliliona gari la Basu limefika kwenye kizuizi cha askari wa barabarani. Askari akagusa kofia yake, gari jeusi likapita bila hata kusimama sawasawa. Ilipofika zamu ya Mersedesi, mkono ukanyooka juu.

"Kibali cha teksi."

"Si teksi, afande," akasema Badri. "Ni gari letu la nyumbani."

"Si teksi, na mbele mmejazana watatu?"

Itto akageuza shingo. "Eti si teksi?"

Askari akainama, uso wake ukapata uhai. Hiki ndicho alichokuwa akikitafuta tangu asubuhi, mtu anayebeba abiria kwa siri. Gari lingezuiwa, dereva angepelekwa kituoni, na Itzer wangengoja mpaka chai ipoe na sukari irudishwe mara ya tatu. "Mama," akamwuliza Itto, "wewe ni abiria? Wamekupakia wapi?"

"Ni mkwe wetu," akasema Mma Tuda haraka.

"Nimemwuliza yeye."

Itto alijigeuza kitini. Alitazama nyuma, akaziona pia za sukari chini ya furushi lake, akamwona Raho na kaftani yake ya sherehe. Akatazama kanzu nyeupe ya kijana na makovu ya vidole vyake kwenye usukani. Kisha, taratibu, akamtazama yule aliyekaa naye paja kwa paja kutoka Timahdite.

"Wewe unaitwa nani?"

"Tuda."

Upepo ulipita. Shali ya Itto ikaanguka begani, hakuiokota.

"Mama," akasema askari, "nakuuliza, hawa unawajua?"

"Huoni watu wanazungumza?" Itto akamfokea. Akaokota shali yake, akajifunga, akakohoa. "Ni wakwe zangu. Wananirudisha nyumbani."

"Na mbona mmebanana hapo mbele, na nyuma kuna nafasi?"

"Tulikuwa na mazungumzo."

"Mazungumzo gani?"

"Ya kumsengenya mtu. Hayafai kwa mbali."

Askari alicheka mpaka kofia ikamkaa upande. Akawaonya wawili hao, mmoja ahamie nyuma, kisha akawapa njia. Waliondoka. Kuhama, hakuhama mtu.

Itto alijipangia shali zake upya, moja baada ya nyingine. Mwisho Itto akasema, akitazama mbele, "Yale nimemwambia askari. Ninyi sijawaambia neno."

"Tumeelewa," akasema Mma Tuda.

"Majirani zake, eh?"

"Nilitaka kukwambia, dada."

"Ulitaka lini?"

"Ukishavuta pumzi. Hukuvuta."

Raho akakohoa. Itto akamwuliza Badri, "Mama yako ni mgonjwa?" Badri akasema hapana, hajati, ni vumbi la sufu. "Na wewe," Itto akamwambia Mma Tuda, "zulia linakatika kweli. Hawakunidanganya." Lakini mkono wake ulikuwa unavuta shali kufunika mdomo, na Mma Tuda, aliyekuwa karibu naye mno, aliona anaficha kicheko.

Itzer nzima ilikuwa barabarani. Gari jeusi lilikuwa limesimama mbele ya nyumba, limezungukwa na watoto, wanawake, na wazee wawili waliokuwa wakilizunguka kama wanaonunua ng'ombe. Watoto walishachora majina yao kwenye vumbi la milango. Mlangoni alisimama Basu na suti yake, mvi zake zimechanwa vizuri, gilasi ya maziwa mkono mmoja, tende mkono wa pili, na vigelegele vinapigwa juu ya kichwa chake. Walikwisha kumpokea kama bwana arusi. Kila alipofumbua kinywa kueleza, mtu alimtia tende nyingine. Baba yake Izza alikuwa amesimama pembeni, mnyonge, anajiuliza seremala aliyemtengenezea mlango yuko wapi, anahesabu moyoni umri wa huyu mkwe, na kule juu dirisha la chumba cha Izza lilikuwa limefungwa kwa kishindo.

Mersedesi ilipofika haikutazamwa na mtu. Si kweli, ilitazamwa na mmoja, mwanamume mwenye gunia la tufaha, aliyeukimbilia mlango wa nyuma. "Timahdite? Mtu mmoja."

Badri aliliona lile dirisha. Akabaki ameshika usukani, hajui ashuke au arudi alikotoka. Mma Tuda naye alikuwa amefungwa na paja la mwenzake, hawezi kufanya lolote. Kila kitu kilikuwa kwa Itto, na Itto hakuwa na haraka tena. Alishuka, akajinyoosha mgongo. Vigelegele vikazimika kimoja kimoja.

"Itto, umechelewa!" kaka yake akamlaki. "Wageni wamefika."

"Wamefika wapi? Wageni nimekuja nao mimi." Akampokonya Basu gilasi, akaitazama, imebaki nusu. "Huyu ni msemaji wao. Gari lake limemtangulia yeye mwenyewe."

"Ndicho nilichokuwa nikisema!" akalia Basu, na tende mdomoni.

Itto akaenda mpaka kwenye Mersedesi, akasimama upande aliokaa, mtaa wote ukimfuata kwa macho. "Wewe kijana," akasema kwa sauti ya kusikika hadi juu. "Kioo cha upande huu nimekizungusha njia nzima, hakishuki. Kwa nini?"

Watu wakanyamaza. Mma Tuda akakumbuka lile gari jekundu, akashika kifua.

Badri akashuka, akazunguka. "Mkono wa kuzungushia umekatika meno, hajati. Nilikuwa najifunza kuendesha, nikauzungusha kwa pupa, babu akasema auache hivyo ili nikumbuke." Akaweka viganja vyake viwili juu ya kioo, kimoja huku kimoja kule. "Unakibembeleza. Ukikilazimisha, hakikubali." Kioo kikateremka, kikilalamika kidogo njiani.

Itto akakitazama kioo, akakitazama kichwa cha Mma Tuda kilichochungulia pale kilipokuwa kioo.

"Leteni maziwa mengine," akasema. "Haya yameshanywewa na gari jeusi."

Gilasi ikaja, imejaa, na sahani ya tende. Itto alimpa Badri kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya mtaa, na kule juu dirisha lililofungwa likafunguka kiasi cha jicho moja. Vigelegele vikaanza upya, na vya mara hii vilianzia mdomoni mwa Itto.

Ndani walikunywa chai, Basu akasema maneno yake ya kuomba, mazuri kweli, ingawa alikuwa akisimama kila mara kwenda kuchungulia nje na kuwafukuza watoto. Neno la kukubaliwa lilipotolewa na Fatiha ikasomwa, yeye alikuwa nje anafuta mlango kwa leso ya suti, akaja kuitikia "Amina" dirishani.

Yakaja mashauri ya arusi. Baba yake Izza akauliza, kwa upole wake, bibi arusi atatolewa na gari gani.

"Langu lipo," akasema Basu dirishani.

"Lako tutalitazama," Itto akamjibu. "Izza atakwenda na teksi."

"Si teksi," akasema Mma Tuda.

"Na mimi nakaa mbele. Peke yangu, nafasi zote mbili. Umri huu sibanwi tena na mtu."

"Ulinibana wewe!" Mma Tuda akashika kiuno. "Nimetoka Timahdite na mfupa mmoja wa nyonga, wa pili ulikaliwa na wewe. Tutakaa wawili, kama leo. Ukikaa peke yako utamsengenya nani?"

Itto alifikiri. "Raho," akasema, na Raho, kwa mara ya kwanza siku ile, akacheka bila kukohoa.

Walipotoka kuaga, jua lilikuwa bado juu ya bustani za tufaha. Kiti cha nyuma cha Mersedesi kilikuwa na watu watatu, pamoja na yule wa gunia. Wametulia kama watu waliokwisha kusubiri sana na wako tayari kusubiri zaidi.

"Bado wangapi tujae?" akauliza mwenye gunia.

"Shukeni, hili si teksi!" akasema Basu.

"Mbona yule mama alishuka humu?" wakamwonyesha Itto.

Badri akamtazama bibi yake. Mma Tuda akatazama jua. "Halijazama," akasema. "Bado ni siku ya kuomba."

Itto aliinama kwenye dirisha lililo wazi, akalipiga gunia la tufaha kofi. "Weka hili chini ya miguu yako," akamwambia mwenye nalo. "Na msogeesogee huko. Msogezeeni mkwe wangu Raho nafasi."